Marehemu wa Ukurasa wa 47

Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025. Kasongo.

Zimebaki siku kumi na tisa kabla ya kutetea mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo. Falsafa, mwaka wa mwisho, kurasa themanini na mbili. Kichwa: "Haya na Aibu katika Mawazo ya Wabangubangu." Mama amekwisha kuchagua mabata watatu wa karamu. Amewafunga utepe mwekundu mguuni ili jirani asijidanganye kwamba ni wake. Kila kitu kiko tayari isipokuwa ukweli.

Ndiyo sababu naandika hapa. Mwanafalsafa lazima aseme ukweli mahali fulani. Ukurasa wa 47 unasema kwamba Koko Ernestine, bibi yangu mzaa mama, mkulima wa Wamaza, alikaa na mimi siku kumi na mbili akinieleza maana ya aibu. Jina ni la kweli. Wamaza iko kweli. Siku kumi na mbili ziko kichwani mwangu tu! Sijakanyaga kwake miaka minne. Njia ni mbaya, pikipiki inavunja kiuno, na Koko akimwona mgeni kijana humpa jembe kabla ya maji ya kunywa. Maneno yake nimeyatunga mwenyewe, kitandani, huku nikila karanga alizonitumia yeye.

Leo directeur wangu, msimamizi wa mémoire, Mwalimu Ramazani, amenisimamisha kwenye ua wa chuo. Ni mtu wa kofia safi na maneno machache, mtoto wa familia ya zamani ya Waislamu wa mjini hapa. Bila sahihi yake mimi si kitu. Amesema amesoma ukurasa wa 47 mara tatu. Amependa hasa ule msemo wa Koko: haya hukaa mlangoni, aibu hukaa uvunguni. Amesema wazee wetu wana kina kuliko vitabu. Nikajibu kwamba Koko ana kina sana. Nikaona fahari. Fahari kabisa! Aibu ilikuja baadaye, nilipokuwa nafua soksi.

Naomie alikuwa karibu, akasikia. Naomie ni mwenzangu wa darasa. Mémoire yake inahusu ahadi kati ya wauza samaki wa Nyangwe. Alikaa nao miezi mitatu akarudi ananuka moshi, na simu yake imejaa sauti za wale mama. Aliniomba kwa upole asikie sauti ya Koko. Upole wake ni wembe. Nikasema simu yangu ilitumbukia mto Lualaba wakati wa kurudi. Akauliza Lualaba inapita wapi kati ya Kasongo na Wamaza.

Haipiti popote. Hata mabata wa Mama wanajua.

Jumanne, tarehe 6 Mei.

Balaa! Mwalimu Ramazani anataka Koko aje siku ya kutetea. Atatuma pikipiki imchukue. Atakaa mstari wa mbele na walimu wote watamsalimu. Anasema kitabu kikisema kwa mdomo wa mtu, mwenye mdomo apewe kiti.

Nikamwona Koko mstari wa mbele. Nikawaona walimu wakimuuliza kuhusu mlango na uvungu. Nikamsikia Koko akiuliza ni mpumbavu gani aliyesema hivyo.

Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikafungua mdomo bila mpango wowote, na mdomo ukasema amekufa.

Mwalimu aliweka mkono kifuani. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Lini? Ijumaa. Alikufa na nini? Tumbo. Machozi yakanitoka, tena ya kweli, maana nilikuwa najililia mwenyewe. Nikaongeza kwamba Mama bado hajaambiwa, ana presha, tunatafuta siku nzuri ya kumwambia, tafadhali mtu asimgusie. Mwalimu akanisifu kwa busara.

Jioni nimetulia. Marehemu hahojiwi. Nimeongeza neno moja tu mbele ya jina lake kwenye ukurasa wa 47: "Marehemu." Limekaa vizuri. Limeupa ukurasa uzito.

Alhamisi, tarehe 8 Mei.

Nilisahau jambo ambalo mtoto wa Kasongo anayejua tu kutembea hawezi kulisahau. Hapa kwetu mtu hafi peke yake. Kilio lazima kiendewe!

Asubuhi darasa zima limeleta. Mchele, chumvi, sukari, sabuni. Walimu wametoa kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, kwa ajili ya wanawake wa familia. Jumamosi pikipiki nne zinaondoka kwenda Wamaza na Mwalimu Ramazani yuko mbele. Nikasema ni mbali. Akasema ndiyo sababu tutatoka mapema. Nikasema wafiwa wenyewe wameomba tusijisumbue. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu ambaye msiba umemharibu kichwa. Akasema amekula maneno ya yule mama, hawezi kukosa kilio chake.

Mama amerudi sokoni na mashaka. Anasema watu wote wa chuo wanamsalimia kwa sauti ya hospitali. Mmoja amemshika mkono na kumwambia ajikaze. Ananiuliza kama nimeshindwa masomo. Nimemwambia ni heshima tu, kwa sababu ya mabata.

Amefurahi. Ameanza kumnenepesha wa nne. Naona aibu hata kupita karibu na banda.

Ijumaa, tarehe 9 Mei.

Mipango miwili leo. Wa kwanza: nimempigia Mjomba Hippolyte wa Kabambare, kaka yake Mama. Ni mtu wa afya, mwenye kifua cha ng'ombe. Kila mchana hupanda kilima kutafuta mtandao, ndiyo maana nilimpata. Nimemwomba ampeleke Koko kwake matembezi hadi Jumatatu. Akasema Koko anang'oa karanga, na wakati wa karanga hata gavana hawezi kumtoa shambani. Akauliza sababu. Nikasema nimemkumbuka sana. Akacheka. Kisha: "Weye?" Mtandao ukakatika, nikamshukuru Mungu.

Mpango wa pili: Moussa, mwendesha pikipiki atakayenibeba. Nimempa viatu vyangu vya kutetea mémoire. Vyeusi, vyenye ncha, sijavivaa hata mara moja! Kesho asubuhi atatangaza mbele ya wote kwamba daraja limekatika. Amevijaribu palepale. Vimemkaa kuliko mimi.

Jumamosi, tarehe 10 Mei. Wamaza.

Naandika nikiwa nimekaa chini, juu ya mkeka. Kwa nini niko chini nitaeleza, ingawa mkono unakataa.

Asubuhi Moussa alitangaza kwa uaminifu kwamba daraja limekatika. Mwalimu Ramazani akajibu kwamba kilio hakingoji daraja, tutabeba pikipiki kichwani. Tukaondoka. Matope hadi magoti. Mwalimu alianguka mara mbili na mara mbili alifuta kofia kwanza, uso baadaye. Naomie alibeba kikwembe tumboni ndani ya mfuko ili kisilowe. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimevaa ndala, na ya kushoto ilibaki matopeni. Tukafika darajani. Daraja zima! Moussa akasema kwa sauti kwamba, kweli, wamelitengeneza haraka.

Karibu na nyumba ya Koko nilimwambia Moussa asimame, mnyororo umelegea. Haukulegea. Nikabaki nyuma ya migomba, nikingoja muujiza.

Nikasikia kilio.

Kilio cha kweli, cha mwanamke, cha kupasua kifua. Na hapa naandika jambo ambalo sitamwambia padri wala shehe: nilifurahi. Kwa nusu dakika nilifikiri Koko amekufa kweli, na nikapumua. Mungu anisamehe. Mtu gani anafurahi hivyo?

Halafu nikaitambua ile sauti. Ni ya Koko mwenyewe. Na alikuwa analia jina langu.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba anapukuchua karanga. Akaona pikipiki za chuo changu. Akaona mwalimu mwenye uso wa msiba, gunia la mchele, kikwembe kipya. Akatafuta mjukuu wake kati yao, hayupo. Hakuuliza kitu. Alianguka juu ya karanga zake akipiga ardhi kwa viganja.

"Élysée wangu! Mutoto wangu! Bamemuweka wapi?"

Mwalimu hakuelewa. Alidhani ni dada ya marehemu. Akachuchumaa na kumpa pole kwa msiba wa Koko Ernestine. Koko akainua uso.

"Ernestine ni miye."

Nikatoka migombani, mguu mmoja peku. Koko aliniona, akanirukia. Alinishika masikio, mabega, akavihesabu vidole vyangu kama vya mtoto aliyezaliwa leo. "Bwana yangu iko muzima! Bwana yangu iko muzima!" Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utoto, mume wake, kama bibi wote wa huku wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Nilikuwa nanuka matope na uongo, naye ananibusu.

Akajifuta macho. Akauliza sasa ni nani aliyekufa.

Naomie akatoa kwenye mfuko nakala mpya ya mémoire yangu niliyompa Mwalimu, akafungua, akasoma polepole: "Marehemu Koko Ernestine, wa Wamaza." Majirani walikuwa wamejaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Wamaza ni ngumu, haikupasuka.

Mwalimu Ramazani aliniangalia. Aligeuka akaanza kumwomba Koko radhi, yeye, kwa niaba ya chuo kizima.

Koko akamsimamisha kwa mkono. Hapa bibi na mjukuu ni watani, na utani una sheria zake. Akawatangazia majirani kwamba bwana yake amemzika kwa karatasi, sawa. Basi mke akifa, bwana ni mjane. Na mjane anakaa wapi? Chini! Na kichwa chake kinafanywa nini? Wanawake wote wakajibu kwa pamoja.

Wembe ukaletwa na jirani anayeitwa Mama Faida. Nywele zangu! Nilizichonga wiki iliyopita kwa ajili ya picha ya kutetea. Walizikusanya ndani ya jani la mgomba na kuzizika kwa wimbo. Mchele wa kilio ukapikwa. Kikwembe akakivaa marehemu mwenyewe, na kilimpendeza. Wamaza nzima ikapita mbele ya mkeka wangu, mmoja mmoja, kunipa pole kwa kufiwa na mke, na kila mmoja alicheka hadi akashika magoti. Moussa alipita mara mbili. Viatu vyangu vilikuwa vinang'aa.

Mwalimu alimuuliza Koko, kwa adabu, kuhusu ule msemo wa uvunguni. Koko akafikiri sana.

"Uvunguni iko kuku," akasema.

Jumapili, tarehe 11 Mei. Wamaza.

Mwalimu Ramazani amesema nami kabla ya kuondoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema kwamba aliupenda ule msemo wangu hadi akauweka katika makala yake mwenyewe, akawatumia wenzake wa vyuo vingine. Sasa atawaandikia mmoja mmoja kuwaambia kwamba hakuna mzee aliyesema hayo. Alisema wao watadhani aliyetunga ni yeye. Alisema hivyo akiangalia kofia yake, anaigeuza mikononi.

Hukumu: sitatetea tarehe 24. Nitangoja kikao kinachofuata. Nitakaa mwezi mzima na Koko, nisikilize, niandike sura ya tatu upya. Nisipofanya, hatatia sahihi. Tukaagana. Naomie aliniachia daftari tupu na kalamu, na hakucheka. Hilo lilinichoma kuliko wembe wa Mama Faida.

Mchana tuling'oa karanga, Koko na mimi. Nikamwomba radhi kwa kumuua. Akasema kuuawa na mjukuu ni mchezo, hata yeye alimzika bibi yake mara nyingi. Jana aliponyoa kichwa changu alikuwa ananiondolea aibu mbele ya watu, maana jambo likichekwa na wote hakuna wa kulinong'ona. Ila kuna jambo moja halikunyolewa. Miaka minne alikuwa anawaambia wanawake kisimani kwamba mjukuu wake hana nafasi ya kuja, anasoma. "Weye utarudi Kasongo na kichwa yako. Kesho kule kisima, ni miye bataniuliza." Akaendelea kung'oa. Akasema aibu haimtafuti aliyefanya, inaitafuta nyumba ya anayempenda, na huko ndiko inakolala.

Sikujua niweke macho wapi. Nilikata mizizi ya karanga bila kuona. Sijawahi kujiona mdogo hivi, na nilikuwa na udongo mikononi kwa hiyo sikuyaandika palepale, neno kwa neno.

Jumatano, tarehe 14 Mei. Njiani kurudi.

Nimejaribu kukumbuka vizuri yale maneno ya Koko ya Jumapili. Si mabaya. Lakini hayana mizani kama yangu ya mlango na uvungu.

Siku nne za utafiti. Matokeo: malengelenge sita. Nimemwomba Koko afafanue aibu. Akanituma maji. Nimemuuliza tofauti ya haya na aibu. Akaniuliza kama nimefunga mbuzi. Sikuwa nimefunga. Mbuzi amekula kurasa tatu za daftari la Naomie, na zilikuwa tupu, kwa hiyo kisayansi hatujapoteza kitu.

Mpango: nimemwambia Koko kwamba Mwalimu amenipigia, ananihitaji Kasongo haraka. Koko akaitazama simu yangu. Wamaza hakuna mtandao tangu mvua ya Aprili, na yeye anajua. Hakunibishia. Alinifungia karanga, mfuko mkubwa, akanipa na ndala za marehemu babu.

"Kwenda. Lakini usiniue tena mu njia."

Alisimama barabarani hadi nikapotea. Niligeuka mara tatu, mara zote alikuwa pale na kile kikwembe cha kilio chake. Niliona aibu hadi darajani. Baada ya daraja niliona njaa, nikafungua karanga.

Jumanne, tarehe 20 Mei. Kasongo.

Mama amejua yote. Wanawake wa sokoni walimpa habari kabla mimi sijashuka kwenye pikipiki. Hasemi nami, anasema na mabata. Amewafungua utepe, wote wanne. Leo asubuhi alimwambia yule mkubwa, nikiwa nasikia, kwamba kuna watu wanaomzika mama wa mtu kabla mtoto wake hajalia. Niliingia ndani nikavuta mlango. Ni kweli. Ni kweli kabisa. Nilimficha Mama msiba ambao haukuwepo, na bado nimemtia msibani.

Nikalala nikitazama dari. Saa nzima ya aibu safi, aibu ya kiwango cha juu! Na katikati ya aibu hiyo, mwanga.

Mbinu! Yote yaliyotokea Wamaza ni jaribio. Mtafiti alimuua mtoa habari wake kwa makusudi, kwenye karatasi, ili aone jinsi aibu inavyotembea katika jamii. Kunyolewa, mkeka, nyimbo, pole za majirani: nimeviona vyote kwa macho yangu, tena nikiwa chini, mahali pazuri pa kuonea. Shahidi ni Naomie. Sikudanganya hata kidogo, nilichelewa tu kujua nilichokuwa nafanya. Sura ya tatu imepata jina: "Kifo kama Njia ya Utafiti." Maneno ya Koko ya karanga nitayaweka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, baada ya kuyatia mizani.

Nikaenda sokoni kununua kalamu, mwepesi kama unyoya. Nani anatokea mbele ya duka la sabuni? Mwalimu Ramazani. Akashangaa. Akauliza mwezi umeisha lini.

Nikafungua mdomo bila mpango wowote. Mdomo ukasema nimerudi kutafuta dawa, maana Mjomba Hippolyte wa Kabambare ameanza kukohoa, anakohoa vibaya, kifua hakimwachi. Halafu nikajiona mjanja: Kabambare ni mbali kuliko Wamaza, na njia yake ni mbaya zaidi.

Mwalimu aliangalia kichwa changu, ambapo nywele zimeanza kutoka kama mchanga. Aliangalia ndala za babu. Alitikisa kichwa polepole. Akasema safari hii tutakwenda kumwona kabla hajafa. Jumamosi, asubuhi mapema. Naomie naye atakuja.

Nimempigia Mjomba mara tisa kumwomba ajizoeze kukohoa. Hajapanda kilimani. Nimetuma mtu amwite Moussa. Viatu sina tena, lakini mkanda wangu bado ni mpya.